Mfupa Umevunjwa na Nini?

Siku Scola alipofariki, wanawake wa Misigiri waliacha kupepeta alizeti wakaja kulia. Miguu yake ilikuwa imekufa zamani, kabla yake. Binti yake Martina hakulia. Alimtazama kwa hasira Mzee Antipasi, mganga wa mifupa, akila wali wa matanga.

Scola alipoangushwa na mkokoteni, eksirei ya hospitali ilikuwa imeonyesha pingili ya mgongo wake imevunjika. Waliambiwa warudi kwa vipimo zaidi. Hawakurudi. Antipasi aliinua picha juani. "Si mnaona? Ni ule mkokoteni uliomwangusha. Nitaunga." Akaukanyaga mgongo kwa kisigino kilichopakwa mafuta ya alizeti. Tangu hapo Scola hakutembea tena.

Mwaka uliofuata mgongo ukamshika baba, Mzee Yeremia. Aliinua ndoo tu, ukalia ka! Alikuwa amekonda, na usiku alitoka jasho. Asubuhi moja Martina alimkuta Antipasi uani, anavua kiatu.

"Vaa kiatu chako!"

"Binti, hata shikamoo?"

"Shikamoo. Vaa kiatu, utoke."

"Martina!" baba alifoka kutoka mkekani. "Ananinyoosha tu."

"Mama naye alinyooshwa. Akanyooka moja kwa moja."

Baba akageukia ukuta. Baadaye akasema, "Tafuta gari. Pikipiki itanimaliza."

Hospitalini mjini, Daktari Rukaiya alimwamkia mzee, akaitazama eksirei yake.

"Pingili mbili zimebonyea. Ulianguka?"

"Niliinua ndoo tu."

"Ndoo haivunji mfupa mzima, mzee. Kuna kitu kiliudhoofisha kwanza. Eksirei inaonyesha palipovunjika. Mara nyingi haitoshi kusema kwa nini. Huenda ni uzee, huenda ni saratani, huenda ni kifua kikuu."

"Mimi sikohoi!"

"Kifua kikuu hukaa hata mgongoni, bila kikohozi."

Akapigwa picha ya MRI, ile inayoonyesha mfupa pamoja na nyama laini. Rukaiya akawaonyesha. "Kati ya pingili kuna kigodoro. Mfupa ukibonyea kwa uzee, kigodoro kwa kawaida hubaki. Saratani nayo mara nyingi hukiacha. Hapa kimeliwa, na pembeni kuna usaha."

Wakachukua sampuli kwa sindano. Maabara ikathibitisha: kifua kikuu.

"Kinatibika," daktari alisema. "Lakini mngemkanyaga, mfupa ungeweza kuibana mishipa ya fahamu inayopita ndani ya mgongo, miguu ikapooza."

Martina alisimama. "Na mama yangu? Naye alikuwa na hiki?"

"Siwezi kujua. Hakupimwa zaidi."

"Hakupimwa!" Martina alipiga meza. "Tulikuwa na picha mkononi! Tukaona palipovunjika, tukajifanya tumejua yote!"

Daktari hakumnyamazisha. Baba alimshika mkono, naye akauacha ushikwe.

Watu wote wa nyumba ile walipimwa kifua kikuu. Mzee Yeremia anameza dawa kila siku, naye anatembea kwa miguu yake mwenyewe.