Kila Nikitaka Kusafiri, Matumbawe Yangu Yanaugua

Nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, kichwa ndani ya kabati, mkono umezama kwenye maji ya chumvi... pale vidole vyangu vilipogusa kitu kigumu ndani ya sponji ya kichujio.

Nikakivuta.

Waya wa shaba. Umemenywa plastiki yote, umeviringwa vizuri, unang'aa.

Jamani!

Kama hujawahi kufuga matumbawe utasema, waya tu, kuna nini hapo? Ngoja nikueleze, maana usipoelewa hili hutaelewa kwa nini mwenzenu nililia nimejilaza kwenye vumbi kama mtoto. Matumbawe ni viumbe hai, na shaba kwao ni sumu. Samaki anaweza kuivumilia kidogo. Konokono hufa. Matumbawe hujifumba, hunyauka, mwisho hubaki mifupa myeupe. Hakuna mfugaji mwenye akili timamu anayeingiza shaba kwenye maji yake.

Na kabati lile liko sebuleni kwetu, chini ya tangi langu. Nyumba ile tulikuwa watu watatu tu. Mimi, mume wangu, na mama mkwe.

Sanduku langu la safari lilikuwa tayari mlangoni. Basi langu lilikuwa la mchana uleule.

Nyie mnaonifuata humu tangi langu mnalijua, picha zake mmezipenda sana. Mume wangu ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Alilitoa kwa mteja wake aliyekuwa anahama, akaniletea kama zawadi, muda mfupi baada ya kuniomba niache kazi yangu ya duka la dawa. Alisema nitapata kitu cha kunishughulisha.

Mwanzoni nilinuna. Baadaye nikanogewa, siwezi kudanganya. Nikajifunza kuchanganya chumvi, kupima maji, kuyasoma matumbawe jinsi mama anavyosoma uso wa mwanawe. Nikawa naweka picha humu.

Picha hizo ndizo zilizoniletea bahati. Kuna jumba kubwa la samaki, mji mwingine kabisa, wana kitalu cha kuotesha matumbawe. Wakaniandikia. Wakanipa nafasi ya mafunzo, na nikifuzu, kazi.

Safari ya kwanza ilipofika, tangi likaugua. Nikaomba waniahirishie. Wakakubali.

Sasa walikuwa wamenipigia kwa upole wakaniambia ukweli. Nisipofika mara hii, nafasi anapewa mwingine.

Na asubuhi ile nimeamka... konokono wamekufa, matumbawe yamejifumba yote.

Tena si hiyo tu. Mdogo wangu alipoolewa, tangi liliugua siku moja kabla ya safari. Harusi nikaitazama kwenye simu. Mama yangu alipofanyiwa upasuaji, likaugua tena. Nilimjulia hali kwa simu, nimeshika ndoo mkononi.

Kila mara mume wangu alikuja akasimama nyuma yangu, mkono begani. Hajawahi kunifokea huyu mtu, niwe mkweli.

"Nenda tu, mke wangu. Mimi sikukatazi. Ila haya madude siyajui. Yakifa usinilaumu."

Mimi huyo nafungua sanduku, narudisha nguo kabatini. Nabadilisha maji wiki nzima, yanaanza kufunguka taratibu, najiona daktari bingwa.

Ikafika mahali nikawa naogopa hata kwenda sokoni. Naenda nusu mbio, narudi nusu mbio. Nikikaa sebuleni nikisikia pampu inanguruma, nainuka kuangalia maji. Nilishaanza kulichukia tangi nililolipenda, na kuliacha sikuweza, kwa sababu vile viumbe vilinitegemea mimi.

Basi asubuhi ile nikapima kila kitu. Chumvi iko sawa. Joto liko sawa. Kila kipimo kinaniambia maji hayana shida, na macho yangu yanaona msiba.

Nikampigia Bwana Chumvi. Ni mwenye duka la samaki wa mapambo, sisi wafugaji tumembatiza hivyo kwa sababu ndiye anayetuuzia chumvi ya bahari. Akauliza swali moja tu, nani alitangulia kufa. Nikamwambia konokono.

"Dada, hiyo ni chuma au shaba. Weka ile sponji nyeupe ya kunasa sumu. Ikigeuka bluu, tafuta shaba mpaka uipate."

Nikaiweka. Nikafagia nyumba, niliporudi ina bluu ya wazi kabisa.

Nikafungua pampu. Nikakagua kila kibanio. Hakuna kitu. Ndipo nikalala chini, nikaingiza mkono kwenye lile tangi dogo la ndani ya kabati linalochuja maji... na mengine nimeshawaambia.

Sasa nani?

Akili yangu ilikimbilia kwa mama mkwe moja kwa moja. Hakuwahi kulipenda tangi lile. Analiita "mgonjwa wako." Nikichelewesha chai ananiuliza, "Mgonjwa wako ameshakunywa? Maana naona sisi wazima hatuna haraka." Analalamika sebule inanuka bahari.

Nikainuka na waya unachuruzika maji mkononi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Mume wangu anafunga kamba za viatu aende kazini.

"Mama, ni wewe uliyeweka hii?"

Mama aliutazama ule waya. Akautazama sana. Kisha akainua macho akamtazama mwanawe.

Mwanawe akaendelea na kamba za viatu.

Nilitegemea aseme mke wangu umechanganyikiwa, mama yangu hawezi. Mtoto yeyote angesema. Yeye akamaliza kufunga kiatu, akainua kichwa, akasema kwa ile sauti yake ya upole:

"Mama... kwa nini umefanya hivyo?"

"Ni mimi," mama mkwe akaniambia. "Nisamehe, mwanangu."

Nyie! Nilimwaga maneno. Nilimtolea yule mama yote niliyoyameza tangu siku nilipoingia nyumba ile. Mume wangu akanishika begani, akaniambia nipumzike, niwapigie wale watu niwaeleze nina matatizo ya kifamilia, na kwamba yeye ataongea na mama taratibu. Akabeba boksi lake la vifaa, akaondoka.

Nikabaki naweka maji mapya, machozi yanaingia tangini, nasema moyoni angalau ni chumvi.

Ndipo nikamwona mama mkwe anainuka aende jikoni.

Mkono mmoja kwenye kiti. Akapumzika. Mkono wa pili kwenye meza. Kisha ukuta. Magoti ya yule mama yalishamsaliti zamani. Kijiko kikimdondoka ananiita nimwokotee.

Mtu huyo... alale kifudifudi, aingize kichwa kabatini, atoe sponji, afiche waya, arudishe sponji?

Nikauchukua ule waya, nikautazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ncha zote mbili zilikuwa zimekunjwa kwa ndani na kubanwa kwa koleo.

Kuna mtu mmoja tu ninayemjua anayekunja ncha za waya. Kamba ya kuanikia nguo, waya wa pazia, kila kitu alichofunga yeye nyumba ile kimekunjwa ncha hivyo hivyo. Husema ni ili zisimchome mtu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu aliyejali nisichomwe kidole ndiye huyo huyo aliyekuwa akiniwekea sumu tangini kila nilipokata tiketi, na kuitoa nikishaahirisha. Na asubuhi ile alikuwa amemwachia mama yake mzigo wake, akaenda zake kazini.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa anaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi.

"Mama, si wewe."

Hakugeuka.

"Ni mwanangu wa kumzaa," akasema. "Ulitaka nimwanike mbele ya mkewe?"

Nikamuomba msamaha, akanikatiza kwa mkono. Kisha akaanza kusimulia, mgongo bado umenielekea, na sijawahi kumsikia akiongea kwa muda mrefu vile.

Aliniambia alipokuwa ameolewa karibuni alifuga kuku, na watu walitoka mbali kufuata mayai yake. Ana dada mmoja tu, walinyonya ziwa moja. Kila alipotaka kwenda kumwona, kuku wanaugua. Mumewe anamwambia nenda, sikukatazi, ila mimi kuku siwajui. Anaahirisha. Kuku wanapona.

Siku moja alirudi kisimani mapema. Akamkuta mumewe anachanganya dawa ya panya kidogo kidogo kwenye pumba.

"Nikarudi nyuma, nikakohoa ili ajue nafika. Nikaingia, nikawasha moto, nikapika. Mpaka tunamzika sikuwahi kumuuliza."

Akageuka sasa. Macho makavu kabisa.

"Unajua nani alikuwa anamshikia kopo la dawa?"

Nilishajua ni mwanawe.

"Alikuwa mdogo. Nikadhani haelewi."

Tulisimama pale, mimi na yeye, na nawaambia ukweli sikujua nimkumbatie au nipige kelele. Yeye ndiye aliyenizindua. Akafuta mikono, akaniuliza basi linaondoka saa ngapi.

Nikamwambia siwezi kuondoka, matumbawe yatakufa.

"Hata kwa kuku wangu nilisema hivyo," akajibu. "Hebu mpigie huyo mtu wa chumvi."

Bwana Chumvi alifika na ndoo zake na maji safi. Hakuuliza mengi, aliuona tu ule waya mezani akatikisa kichwa. Tukatoa jiwe moja baada ya jingine na matumbawe yake. Mengine nilivunja vipande vidogo, nikavifunga kwenye mifuko ya maji nisafiri navyo. Aliniambia yaliyojifumba kabisa hana uhakika nayo, lakini yaliyobaki atayapigania dukani kwake. Tangi likabaki kioo kitupu.

Nikalichukua sanduku langu pale mlangoni, nikatoka.

Mama mkwe alikuwa ameshatangulia nje. Amevaa nguo zake za kutokea, mkoba kifuani, anaegemea ukuta.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Hebu nishike mkono, ngazi hizi sizipendi."

Nikamshika. Kituoni nikampandisha basi lake kwanza. Akakaa dirishani, hakunipungia wala nini, alikuwa anatazama mbele tu kama anayeogopa dereva atabadili mawazo.

Mume wangu alipiga jioni nikiwa njiani. Sauti ileile ya upole. Akaniuliza matumbawe yako wapi. Nikamwambia yako salama. Akauliza nimemwachaje mama yake peke yake, mgonjwa wa miguu.

Nikamwambia sikumwacha. Ameondoka.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti ikampanda:

"Sasa mimi nitabaki na nani?"

Hakuuliza kama mama yake alifika. Hakusema samahani. Nikakata simu, nikaangalia mifuko yangu ya maji mapajani, nikalia mpaka jirani yangu wa siti akanipa leso.

Ndugu msomaji, haya nimeyaandika kitaluni, mikono ina chumvi. Baadhi ya vile vipande vimekufa. Vingine vimefunguka. Mama mkwe bado yuko kwa dada yake, anasema wanagombana kutwa nzima na hana mpango wa kurudi.

Ninachotaka ubaki nacho ni hiki. Akikuambia mtu "sikukatazi," na kila ukitaka kutoka kuna kitu unachokipenda kinaugua, acha kujilaumu. Chunguza nani anapata nafuu ukibaki. Na ukishajua, tafadhali, usikohoe ukaingia kupika.