Mtu Hang'oi Taa Bure

Asubuhi nyumbani kwetu huanza kwa kelele mbili. Ya kwanza ni cherehani yangu. Ya pili ni binti yetu, ambaye huanza kuuliza maswali kabla hajanawa uso. Mume wangu ndiye mkimya. Yeye ni mpaka rangi wa nyumba, na hata akinywa chai utamwona na doa jeupe sikioni.

Binti yetu tunamwita Bi Njia. Sababu si siri, mtaa mzima unaijua. Siku ya kuzaliwa kwake tulingoja gari la kukodi mpaka uchungu wenyewe ukachoka kungoja. Nilijifungulia kando ya barabara, kwenye kile kilima cha kwenda hospitali, juu ya turubai la mume wangu la kuzuia matone ya rangi. Watu wakisikia hucheka. Mimi sicheki. Nilipoteza damu nyingi siku ile, na mpaka leo nikipita pale hugeuza uso.

Sasa nilikuwa mjamzito tena.

"Baba Njia," nilimwambia mume wangu, "huyu wa pili simzalii barabarani. Nimeshasema."

"Nimesikia, Mama Njia."

"Umesikia nini? Hospitali itahamia hapa?"

Ndiyo maana tulinunua gari. Lilikuwa dogo, la mtumba, na sisi tukaliita kigari. Tulikwenda kukitazama wote watatu. Muuzaji alitupokea kwa maneno matamu, na injini tayari inanguruma.

"Nimewawashia kabisa," alisema, "msije mkasumbuka."

Mume wangu aliinama akatazama ubavu wa kigari kwa jicho moja. Akagonga mlango kwa kidole. Akapapasa. "Rangi hii imepigwa vizuri," aliniambia. "Hapana mchezo hapa."

Mimi niliingia ndani nikapitisha kidole kwenye viti. "Na mishono imenyooka," nilisema. "Aliyeshona anajua kazi."

Bi Njia alibonyeza honi. "Inalia!"

Basi. Mpaka rangi alikagua rangi, mshonaji akakagua mishono, mtoto akakagua honi. Injini haikukaguliwa na mtu.

"Na tazameni hapa," muuzaji alisema, akionyesha vioo vidogo mbele ya usukani. "Mnaona taa ya hatari hata moja? Hakuna! Kigari hiki hakina ugomvi na mtu."

Tulifurahi. Tukaandikishana ofisini kama inavyotakiwa, tukarudi nyumbani tukipiga honi kama harusi.

Furaha yangu haikukaa. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na pua yangu hainidanganyi. Kila tukitoka na kigari nilisikia harufu ya kuungua.

"Ni harufu ya gari," mume wangu alisema.

"Gari linanuka moshi wa jikoni?"

"Mama Njia, hiyo ni mimba. Inakunusisha mambo."

Nikafungua dirisha, lakini wasiwasi haukutoka.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama mmoja anayefundisha udereva. Kutwa nzima huwapigia wanafunzi kelele, "Klachi! Klachi!", hata mtaani akaitwa Mwalimu Klachi. Jioni moja aliomba tumsogeze dukani. Akakaa mbele. Mimi na Bi Njia tukakaa nyuma. Mume wangu akazungusha ufunguo, injini ikawaka.

"Zima," alisema Mwalimu.

"Kuna nini?"

"Zima kwanza, baba. Haya. Sasa zungusha ufunguo nusu tu. Usiwashe injini."

Mume wangu akafanya hivyo. Taa ndogo ndogo zikawaka mbele ya usukani. Mwalimu akasogeza miwani na kuzitazama moja moja.

"Ya betri, hii hapa. Ya breki, hii. Ya oili iko wapi?"

"Ah, hiyo haijawahi kuwaka," mume wangu alisema kwa fahari. "Ni nzima."

"Haijawahi? Hata ukifungua ufunguo hivi?"

"Hata mara moja."

Mwalimu akageuka akanitazama mimi na tumbo langu. Sikupenda alivyonitazama.

"Bi Njia," alisema, "asubuhi shuleni mwalimu wenu anafanya nini kwanza?"

"Anaita majina!"

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nipo! Halafu nakaa chini."

"Na mtoto asiyeitika? Ni kwa sababu ana adabu sana?"

"Aa, Mwalimu! Huyo hayupo!"

"Umesikia, Baba Njia? Ukifungua ufunguo, unaita majina. Kila taa inaitika: nipo. Injini ikiwaka, zinakaa chini, yaani zinazima. Hapo ndipo unajua mambo ni mazuri. Taa isiyoitika hailindi kitu. Mlikuwa mnafurahia kimya, na kimya kingi kina mshindo mkubwa."

Safari ya dukani ilikufa pale pale. Tulingoja injini ipoe, kigari kikiwa mahali tambarare. Mwalimu akafungua boneti, akachomoa kijiti kirefu chembamba. Akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena.

"Hiki ni kijiti cha kupimia oili. Kina alama mbili. Oili inatakiwa iwe katikati ya alama hizi. Yenu iko wapi?"

Tuliinama wote. Ncha tu ndiyo iliyolowa, na ilikuwa nyeusi tititi.

"Mwalimu," niliuliza, "hiyo oili kazi yake nini hasa?"

"Wewe cherehani yako huitii mafuta?"

"Naitia kila mara."

"Usipoitia?"

"Hukwaruza. Kisha hukwama."

"Basi na injini ni hivyo hivyo. Vyuma vinasagana, vinaungua, vinashikana. Ikikwama hivyo, haiwaki tena. Na haichagui mahali pa kukwama."

Nikakiona kile kilima. Nikaliona lile turubai.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi wa magari, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Alifungua plastiki ya mbele ya usukani, akamulika ndani kwa tochi.

"Taa hii haikuungua," alisema. "Imeng'olewa."

"Imeng'olewa na nani?" mume wangu aliuliza.

"Mimi sijui. Ila mtu hang'oi taa bure."

Alitia taa mpya. Akamwaga ile oili chafu akatia safi. Mume wangu akafungua ufunguo. Taa nyekundu yenye umbo la birika dogo lenye tone mdomoni ikawaka. Tulikuwa tukiiona kwa mara ya kwanza. Injini ilipowaka, ikazima.

"Alhamdulillahi," nilisema. "Yamekwisha."

"Hayajaisha," fundi alisema. "Aliyeng'oa taa alikuwa akificha kitu. Huenda ni oili kupungua tu. Huenda kuna zaidi. Kipimo cha nguvu ya oili sina hapa, nitakiazima. Nileteeni kigari wiki ijayo nikipime vizuri. Mpaka hapo, sheria ni moja. Taa hii ikibaki inawaka baada ya kuwasha injini, zima. Usijaribu bahati. Usiseme tutafika tu."

Mume wangu alinitupia jicho. "Hata kama nina mgonjwa ndani?"

"Hapo ndipo uzime upesi zaidi."

Mwalimu Klachi alipopata habari, alituletea namba yake ya simu imeandikwa kwenye karatasi. Akaibandika ukutani juu ya cherehani yangu. "Mwenye gari la mtumba awe na njia ya pili," alisema. "Mchana au usiku, nipigieni. Msione haya."

Kuanzia hapo usingizi wangu ulikuwa wa sungura. Kila asubuhi nilitoka na mume wangu mpaka kwenye kigari. Alipima oili kabla hajawasha. Kisha akafungua ufunguo, na Bi Njia akaita majina.

"Betri!"

"Ipo," mume wangu alijibu.

"Oili!"

"Ipo."

Injini ikiwaka na taa zikizima, ndipo nilipopumua. Lakini maneno ya fundi yalinikaa kichwani kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo. Mtu hang'oi taa bure. Alikuwa akificha nini?

Wiki ya fundi haikufika. Uchungu ulinishika mapema kuliko tulivyotazamia, asubuhi ya mvua, nikiwa nashona kola. Mvua ilikuwa imemzuia mume wangu kwenda kazini, nikashukuru. Alibeba mfuko wangu, akanishika mkono, tukaingia ndani ya kigari. Bi Njia alikuwa amekwishakaa nyuma, macho yamemtoka.

Mume wangu akafungua ufunguo. Taa zote zikaitika. Akawasha injini. Taa ya betri ikazima. Ya breki ikazima alipoteremsha breki ya mkono.

Ile nyekundu haikuzima.

"Itazima," nilisema.

Haikuzima.

"Baba Njia, endesha."

Mume wangu alikuwa anaitazama taa. Jasho lilimtoka kipajini, na mvua yote ile.

"Endesha!" nilipiga kelele. "Hospitali si mbali! Ni kile kilima kimoja tu!"

Akazungusha ufunguo, akazima injini.

"Siendeshi," alisema kwa sauti ndogo.

Mvua ikapiga juu ya bati la kigari. Nilimchukia mume wangu saa ile, nasema wazi. Nilimwita majina ambayo hayaandikiki. Nilimwambia nilijua tangu mwanzo kwamba nitazaa tena kama mbuzi. Alitia ufunguo mfukoni, akatoa simu.

"Mwalimu? Ni Baba Njia. Ndiyo. Sasa hivi."

Sijui tulingoja muda gani. Najua nilibana meno na kumwomba Mungu asinirudishe nilikotoka. Kisha gari la Mwalimu likakata kona, na kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa. Nyuma ya usukani alikuwa muuza nyama wa mtaani kwetu, anafunzwa, amekodoa macho.

"Toka hapo, uhamie nyuma!" Mwalimu alimwambia. "Leo somo lako ni kutazama!"

Muuza nyama aliruka. Mimi nikalazwa kiti cha mbele, wengine wakajipanga nyuma. Mwalimu akashika usukani, akatoa mguu kwenye klachi taratibu, akapanda kile kilima kwa utulivu ambao hata kikombe cha chai kisingemwagika. Pale alipozaliwa Bi Njia nilifumbua macho. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mtu. Palikuwa na mvua na matope tu.

Mwanangu wa pili alizaliwa hospitali, kitandani, wa kiume, ana sauti kama honi. Nikacheka. Kisha nikaona muuguzi hacheki. Damu ilikuwa inatoka nyingi, kama safari ile. Lakini safari hii walikuwapo watu wenye kujua. Mmoja alinichoma sindano. Mwingine alinitundikia chupa ya maji mkononi. Daktari aliitwa, akaja. Baadaye aliniambia, "Mama, ungekuwa njiani leo, tusingekuwa tunazungumza."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliyasikia. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akalia. Na mimi maneno yote niliyomwita nikayarudisha moja moja.

Fundi alikifuata kigari pale pale nyumbani, akakivuta kwa kamba. Kulikuwa na kitu kweli. Pampu ya oili ilikuwa imechoka. Oili ilikuwamo, lakini haikusukumwa kwenda inakotakiwa. Bila shaka muuzaji alijua, ndiyo maana aliing'oa taa.

"Mngepanda nacho," fundi alisema, "injini ingeshikana katikati ya kilima. Mngepoteza injini."

"Injini tu?" mume wangu aliuliza. Fundi akainamia injini.

Pampu ilibadilishwa, injini ikapona. Kigari hicho tunacho mpaka leo. Kinapimwa oili, kinabadilishwa oili kabla haijawa nyeusi, na hakitoki kabla ya kuitwa majina. Mtu wa mtaani akitaka kununua gari la mtumba, humfuata mume wangu.

"Rangi yake nzuri?" humuuliza.

"Nzuri sana!"

"Basi iache rangi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, uikute injini ya baridi. Chomoa kijiti cha oili. Kisha fungua ufunguo nusu, uite majina. Taa isiyoitika, rudi nyumbani na pesa zako."

Lakini siku ile niliyotoka hospitali, mume wangu alikuja kunichukua na kigari, pampu imeshabadilishwa. Nilikaa nyuma na mtoto kifuani. Bi Njia akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Bado sijaita majina," alisema.

"Ita, basi," baba yake alimwambia.

"Baba!"

"Nipo."

"Mtoto!"

"Yupo," nilimjibia mtoto, maana alikuwa amelala.

"Mama!"

Nilikuwa naitazama barabara ya kile kilima, nikachelewa kuitika.

"Mama haitiki!" Bi Njia alisema, akaingiza kichwa ndani kunitazama.

"Nipo," nilisema. "Nipo, mwanangu. Ingia twende."