Mahari Yangu ni Meli ya Kuvunja Barafu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Iringa iliamka na ukungu mzito na upepo wa kukata masikio. Mpaka saa nne jua lilikuwa bado linachungulia juu ya jiwe la Gangilonga kama mgeni asiye na uhakika kwamba amealikwa.

"Sema, mwanangu. Wanaume wanasubiri," alisema shangazi Naima, amesimama mlangoni na mtandio begani. "Mahari yako ni nini?"

Batuli, aliyekuja nyumbani jana yake kutoka Mbeya anakofanyia biashara, alikuwa amekaa kitandani, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta. Sebuleni kaka yake Yunusu alikuwa na mshenga, Mzee Faraji, aliyekuja kutoka Mbeya na posa ya Ibrahimu. Katika ukoo wao mwanamke hutaja mahari mwenyewe. Shangazi hulibeba neno lake mpaka kwa wanaume, na neno hilo halipunguzwi wala haliongezwi njiani. Walirithi hivyo kwa mababu waliokuja na biashara kutoka pwani, na hakuna aliyewahi kuthubutu kubadilisha.

"Meli," alisema Batuli.

"Nini?"

"Meli ya kuvunja barafu. Yenye mizinga. Ya kwenda kuchunguza ncha ya dunia. Mwambie ndiyo mahari yangu, na isipungue hata msumari."

Shangazi alimtazama kama anayetafuta homa usoni mwake.

"Batuli. Kwa umri wako, posa haifukuzwi kwa teke."

"Shangazi, neno halipunguzwi njiani."

Shangazi akaenda. Sebuleni Yunusu akaangua kicheko kirefu. Batuli alimsikia akimweleza mshenga kwamba hiyo ndiyo faida ya shule za jioni: mtu anauza vitenge vizuri, anaheshimika, halafu anakwenda kukaa darasani na vijana, anarudi anaongea kama aliyepigwa na jua. Mzee Faraji hakucheka. Aliomba neno lirudiwe, akalirudia mwenyewe polepole kama anayehifadhi aya, akaaga, akavaa viatu vyake.

Kama Batuli angekuwa hampendi Ibrahimu, angesema tu hapana, akaenda kupika. Taabu ni kwamba alimpenda.

Walikutana Mbeya, kwenye darasa la jioni la uchoraji kwa kompyuta. Batuli alikuwa na meza yake ya vitenge pale soko la Mwanjelwa. Shule aliiacha darasa la saba baba alipofariki, na kwa miaka mingi alimwomba Mungu amfungulie mlango mmoja tu wa elimu, wowote ule. Mlango ulipofunguka hakuuliza ni wa chumba gani. Aliingia. Ibrahimu alikuwa fundi wa mashine za kukobolea mpunga, mtu wa kushinda Chimala na Ubaruku, nywele zimejaa pumba, aliyechoka kuwachorea wateja vipuri kwa chaki sakafuni.

Mwalimu wao, Philbert, alikuwa amechoshwa na wanafunzi wanaonakiliana mageti na ramani za nyumba. Jioni moja akawaambia anawapa kazi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona kwa macho, ili asiwepo wa kumwibia jirani. Watachora, wawili wawili, meli ya uchunguzi ya kwenda ncha ya dunia, yenye uwezo wa kuvunja barafu njiani na silaha za kujilinda.

Darasa zima lilicheka. Mbeya na meli ya barafu wapi na wapi. Ibrahimu ndiye peke yake aliyewahi kuona maji yaliyoganda nje ya friji, alfajiri moja huko Makete, nyasi zikiwa nyeupe na dimbwi limefunga kifuniko. Akapangwa na Batuli.

Walikwenda kwa muuza samaki mmoja pale sokoni, wakamwomba nafasi ndani ya friza lake. Waligandisha maji kwenye beseni, Ibrahimu akachonga kipande cha mti chenye pua kali kama panga, wakasukuma. Barafu haikutikisika. Wakasukuma tena mpaka beseni likaondoka nao. Ndipo Batuli alipokigeuza kile kipande, ule upande wa mviringo ukawa chini, akakipandisha juu ya barafu na kukiegemea kwa uzito wake. Barafu ikalia, ikapasuka mpaka ukingoni.

"Kumbe haichomwi," alisema Ibrahimu. "Inapandwa."

"Inakaliwa," alisema Batuli, na wote wawili wakacheka huku wananuka sangara.

Tangu hapo ikawa kila jioni. Magharibi ikiingia wanatoka kwenda msikitini, Ibrahimu upande wa wanaume na Batuli wa wanawake, wanaswali, wanarudi kwenye kompyuta moja. Waligombana juu ya kitu kimoja tu: mizinga. Ibrahimu aliitaka miwili, juu kabisa, mbele, kila mtu aione. Batuli alikataa. Alisema meli yenye tumbo la mviringo inayumba sana, na mwalimu amewaambia kwamba kule maji yakiruka yanaganda juu ya sitaha na kuongeza uzito. Ukiweka na chuma huko juu, umejitafutia kaburi. Akauhamisha mzinga mmoja nyuma ya chumba cha nahodha, chini, akauchorea kifuniko, wa pili akaufuta. Ibrahimu alinuna siku nzima. Kisha akakubali, na wiki ileile akamwambia atatuma mshenga Iringa.

Alhamisi iliyotangulia posa, walikuja wageni darasani kuangalia kazi, mafundi wa boti kutoka Kyela. Mmoja wao, mtu mzima mwenye miwani, alisimama muda mrefu mbele ya mchoro wao.

"Nani aliamua mzinga ukae huku?"

Batuli alifungua mdomo.

"Mimi," alisema Ibrahimu.

"Umefikiri vizuri sana. Na huyu dada?"

"Huyu?" Ibrahimu alitabasamu. "Huyu alikuwa ananishikia rula."

Watu wakacheka. Batuli naye akacheka, na hicho ndicho alichoshindwa kujisamehe. Kila baada ya swala alimwomba Mungu amwondolee dharau moyoni, maana alijua ni dhambi. Lakini kabla ya kusema amina alikisikia tena kile kicheko, akashusha mikono.

Jioni ya siku ya posa simu ililia.

"Batuli, mzee amenipa ujumbe hapa. Nadhani amechanganya."

"Hajachanganya."

"Meli?"

"Si wewe ndiye uliyeibuni? Fundi mkubwa. Au unahitaji mtu wa kukushikia rula?"

Ibrahimu akasema ule ulikuwa utani tu, kwamba wale walikuwa wageni, kwamba mwanaume hawezi kusimama mbele ya mafundi wenzake akasema mchoro wake umesahihishwa na muuza vitenge.

"Muuza vitenge," alirudia Batuli. "Asante. Sasa nimejua jina langu." Akakata.

Baadaye ujumbe ukaingia: "Unataka kunidhalilisha mbele ya kaka yako. Sawa. Utaletewa meli yako. Na mizinga yake."

Akajibu: "Usisahau barafu."

Mwezi wa saba ulipoanza, Mzee Faraji alipiga simu kwa Yunusu kusema mahari iko tayari. Yunusu alidhani mzee anatania. Jumapili iliyofuata gari dogo la mizigo lilisimama nje, na Ibrahimu na dereva wakashusha kitu kilichofunikwa turubai, kirefu kama jeneza la mtoto. Walikiweka uani. Ibrahimu alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri na kofia mpya. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

Alipofunua turubai hata Yunusu alisogea karibu. Ilikuwa meli ya chuma, tumbo la mviringo, pua iliyolala tayari kupanda barafu, madirisha ya chumba cha nahodha yamekatwa moja moja. Nyundo ya fundi mzuri inajulikana hata kwa mtu asiyejua kitu. Mbele kabisa, juu, ilisimama mizinga miwili ya bomba nene, imeng'arishwa, inamtazama mwenye nyumba.

Batuli aliiona kutoka mlango wa jikoni. Aliiangalia ile mizinga, akajua palepale. Mchoro uliosahihishwa ulibaki kwenye flashi yake yeye. Ibrahimu alikuwa ameijenga kwa kichwa, na kichwa chake kilikuwa kimekwenda kulekule kilikotaka kwenda tangu mwanzo. Alitaka shemeji aone mizinga.

Angeweza kusema. Hakusema. Moyo wake ulikuwa baridi kuliko ile asubuhi ya posa.

"Imependeza," alisema Yunusu, akiizunguka. "Lakini mimi dada yangu simtoi kwa pambo la sebuleni. Meli huelea. Kama haielei hilo ni sufuria."

"Inaelea," alisema Ibrahimu.

"Basi tuone, shemeji. Kama utakuwa shemeji."

Walikuwa na hodhi la simenti uani, la maji ya kufulia. Wanaume wakaibeba, wakaishusha taratibu. Ikaelea. Ikakaa vizuri kabisa, na uso wa Ibrahimu ukafunguka. Shangazi Naima alianza kuvuta pumzi ya kupiga kigelegele. Yunusu akachota maji kwa kopo, akayamwaga juu ya sitaha, akasema huko ncha ya dunia si ndiko mawimbi yanakoruka.

Meli ikainama kidogo upande wa kushoto. Ikasimama pale ilipoinama kana kwamba inafikiri. Kisha mizinga ikaivuta, ikageuka tumbo juu kwa kishindo kilichomlowesha Ibrahimu kofia na kanzu, na maji yakaingia kwa madirisha yale aliyoyakata moja moja. Mapovu yakatoka. Ikakaa chini ya hodhi.

"Mahari imezama," alisema Yunusu.

Dereva ndiye aliyeanza kucheka. Yunusu akafuata, na sasa alikuwa na mengi ya kusema: kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza, kwamba fundi wa kukoboa abaki na pumba zake, kwamba Mbeya wanafundishana ujinga jioni kwa sababu mchana wanaogopa kuonekana, kwamba meli hii ingefika ncha ya dunia samaki wangeitumia kama choo. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Hiki ndicho Batuli alichokuwa amekitaka. Alikiomba, akakipanga, akakingojea. Lakini Ibrahimu alisimama pale na kanzu imelowa mpaka magotini, mikono inaning'inia, na kile kicheko kilikuwa kilekile cha darasani. Kilikuwa kimehama tu mtu.

Mzee Faraji, kwa kumhurumia, alisema labda maji ya hodhi ni machache, au chuma kilikuwa kizito upande mmoja, mambo hayo hutokea. Alikuwa anampa mlango wa kutokea. Wote walingoja apite.

"Maji yanatosha, mzee," alisema Ibrahimu. "Na chuma hakina kosa. Kosa ni mizinga."

"Imefanya nini?"

"Nimeiweka juu na mbele. Batuli aliniambia zamani kwamba itapinduka. Aliihamisha yeye kwenye mchoro, nikamnunia. Wageni walipoisifia kazi nikasema ni yangu. Nikasema yeye alinishikia rula. Hata kugundua kwamba barafu hukaliwa, aligundua yeye. Mimi nilikuwa nachoma."

Yunusu aliacha kucheka, si kwa heshima bali kwa kutoelewa. Batuli akatoka jikoni. Haikuwa desturi mwanamke anayeposwa kujitokeza uani wanaume wakiwapo, na shangazi alimshika kanga, lakini aliipita ile kanga kama haikushikwa.

"Nikuulize kitu, Ibrahimu."

"Uliza."

"Kama isingepinduka, ungesema?"

Ibrahimu aliitazama meli chini ya maji. Angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angemthibitishia uongo.

"Nisingesema," alijibu. "Ningekuoa, na ningenyamaza. Na ungeishi na mimi ukinidharau, na nisingejua kwa nini."

"Ungejua."

"Ningejua," alikubali.

Yunusu aliingilia. Alisema mazungumzo yamekwisha, mgeni achukue chuma chake, na dada arudi ndani kabla majirani hawajapanda ukuta.

"Kaka, ngoja," alisema Batuli. "Mahari sijaifuta. Nabadilisha."

"Unambadilishia huyu? Umemwona amefanya nini?"

"Nimemwona. Nilimtaka tangu friza la samaki. Nilichokuwa sikitaki ni mdomo wake." Akamgeukia shangazi, maana neno lilipaswa kupita kwake, akalisema polepole ili libebeke. "Shangazi, waambie wanaume. Mahari yangu ni kompyuta ya kuchorea. Moja. Si ya kwetu sisi wawili. Ni yangu, jina langu, meza yangu. Na kabla ya kompyuta, aahidi. Hapahapa. Mbele ya waliocheka."

Shangazi Naima alipiga hatua mbili kuelekea walipokuwa wanaume, ingawa wote walikuwa wamesikia, akalirudia neno zima bila kupunguza kitu. Mzee Faraji alimtazama Yunusu. Yunusu aliangalia hodhi, akaangalia dada yake, akasema kwa sauti ya mtu anayetema kokwa kwamba kama mwanamke ameamua kuolewa na ajali, yeye hatazuia, lakini ahadi isemwe kwa sauti, asije baadaye akadai alikuwa na mafua.

Ibrahimu alivua kofia, akaikamua maji, akaivaa tena. Sauti yake ilianza chini, akasafisha koo, akaanza upya.

"Mimi Ibrahimu, mbele ya Mwenyezi Mungu, na mbele yako Mzee Faraji, na wewe Yunusu, na wewe shangazi Naima, naahidi. Jumatatu jioni nitasimama mbele ya Mwalimu Philbert na darasa zima, nitasema meli ile imesimama kwa akili ya Batuli, na mimi nilimpinga kisha nikamwibia. Na akiwa mke wangu, kazi ya mikono yake sitaiita yangu, wala sitamjibia mtu swali aliloulizwa yeye."