Miche Iliyopandwa Jumamosi

Nyamoita alikuwa amechuchumaa kwenye bomba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi, akisuuza pakiti tupu za maziwa, zile za pembe tatu, na kuzianika ukutani moja moja. Kijana mmoja mwenye ovaroli ya buluu akatokea mlangoni kwa haraka, akajikwaa kwenye ndoo. Maji yakaruka mpaka kwenye sketi ya marinda ya Nyamoita.

"Pole, siste! Pole sana. Nimeambiwa nije huku nichague bati."

"Bati liko kushoto. Huku ni ndoo."

"Nimeiona sasa."

"Umeiona na mguu."

Ilikuwa siku ya soko mjini Kisii, katikati ya miaka ya tisini. Nje wanawake walikuwa wakishusha mikungu ya ndizi, na kila duka lilikuwa na redio yake, kila redio na wimbo wake. Waliokuwa vijana wakati ule bado wanaikumbuka harufu ya mji: ndizi mbivu, mafuta ya taa na udongo mwekundu uliotoka kunyeshewa.

Kijana hakwenda kushoto. "Pakiti zote hizi ni za nini? Unafungua hoteli?"

"Ni za miche. Kina mama wa kwetu Gesima wana kikundi. Chemchemi yetu sasa inakauka kila Januari, na mvua inakuja inapotaka yenyewe. Wamekata mikaratusi iliyokuwa inakunywa maji yote. Wanataka kupanda mikuyu na mianzi pale."

"Gesima? Mjomba wangu yuko huko. Omwenga."

Tabasamu la Nyamoita lilipungua kidogo. Omwenga na baba yake, mzee Nyamweya, walikuwa wamegombania mpaka wa mashamba yao tangu yeye akiwa darasa la pili, na chemchemi ilikuwa hapo hapo katikati.

"Ni jirani yetu," alisema tu.

Kijana huyo aliitwa Abner. Alitoka Masimba, na kazi yake mjini ilikuwa kutengeneza mifereji ya mabati ya kukinga maji ya mvua. Tangu siku hiyo akawa anapita kwenye hoteli za mji kuokota pakiti, kisha anazileta dukani zikiwa zimeoshwa na kufungwa kwa kamba, kumi kumi. Siku asiyokuja alipiga simu kutoka kibanda cha posta. Aliyeipokea ni Prabha, mke wa mwenye duka.

"Halo? Fundi tena? Si umekuja asubuhi?"

"Nilikuja, mama. Nimesahau kitu."

"Umesahau nini wewe?"

"Kumuaga Nyamoita."

Prabha aliziba simu kwa ncha ya sari yake. "Nyamoita! Njoo uagwe, halafu nataka simu yangu!"

"Dia wangu," Abner alisema siku moja kwenye simu, "kuna kitu nataka kukufanyia. Sitakuambia."

"Kama ni mfereji, tunao."

"Si mfereji."

Jumamosi iliyofuata, watu wote wa nyumba ya Nyamweya, Wasabato, wakiwa kanisani, Abner alikwenda Gesima na miche iliyokuwa tayari kwenye kitalu cha kina mama. Alitaka waikute imesimama. Kama fundi yeyote wa mabati, hakujua kufanya kitu bila kamba. Akaivuta kamba kutoka kwenye majani ya tembo ambayo mjomba wake alilishia ng'ombe hadi kwenye shamba la chai la Nyamweya, akapanda mikuyu mstari mmoja ulionyooka, akarudi Masimba akiimba.

Jioni mzee Nyamweya alitoka kanisani, akasimama juu ya mteremko na suti yake. Huko Gesima, mstari wa miti kati ya mashamba mawili hupandwa kwa sababu moja tu: kuweka mpaka. Na mstari huu uliiacha chemchemi yote upande wa Omwenga.

"Amemtuma mpwa wake," alisema, kwa kuwa njiani alikuwa ameambiwa ni nani aliyepanda. "Tena siku ya Sabato, akijua hatuko." Kisha akamgeukia binti yake. "Huyo asilete wazee wake wa posa hapa. Sitawafungulia."

Jumatatu simu ililia dukani.

"Dia, umeona?"

"Nimeona. Mjomba wako alikulipa ngapi?"

"Kunilipa? Nyamoita, ngoja—"

Akakata. Ikalia tena. "Mwambie siko," alisema. Wiki nzima Prabha alisema hayuko, na wiki nzima pakiti zilizooshwa zikaendelea kuachwa mlangoni. Ijumaa Prabha alichoka.

"Umemuuliza kwa nini amepanda vile?"

"Hapana."

"Basi unalilia nini? Nenda nyumbani. Jumatatu usirudi kama hujauliza."

Jumapili alikwenda. Aliwakuta kina mama wamejaa chemchemini, na Loice, mwenyekiti wao, amesimama katikati ya Nyamweya na Omwenga. Abner alikuwa mbele yao, ovaroli ikiwa na matope magotini.

"Kabla mtu hajang'oa kitu," Loice alisema polepole, "kijana aulizwe."

Nyamoita ndiye aliyeuliza. "Kwa nini mstari?"

"Kwa sababu nilikuwa na kamba," Abner alijibu. "Magomvi ya mipaka kwetu Masimba babu aliyamaliza kabla sijazaliwa. Nilifikiria maji tu, na wewe."

Kina mama wengine walicheka. Wazee hawakucheka.

"Wazee wangu, nitang'oa mwenyewe. Nitazungusha miche kwenye maji, nusu huku, nusu kule. Hakuna atakayeweza kuiita mpaka."

Omwenga alikohoa. "Mimi sikumtuma," alimwambia Nyamweya bila kumtazama. Nyamweya hakuondoka.

Abner aling'oa mche wa kwanza pamoja na udongo wake. Nyamoita akavua viatu, akaupokea kwa mikono miwili.

"Ungeniuliza kwa simu," alinong'ona Abner.

"Na wewe ungeniambia kwa simu. Chimba."

Walichimba mpaka jua likafika kwenye vilima, na kati ya shimo moja na jingine Abner akamuuliza kama anaweza kuleta wazee wake.

"Mimi nimekubali. Mlango si wangu."

Nyamweya, aliyekuwa amekwenda nyumbani, alishuka tena mteremko na jembe begani. Alilitazama lile la Abner, lililoazimwa kwa mjomba, akatikisa kichwa.

"Hilo halina makali. Kesho utumie hili." Akaliegemeza kwenye mgomba. "Ukimaliza, ulilete nyumbani mwenyewe. Mlango utaukuta wazi."

Alipanda kilima bila kugeuka. Abner aliushika mpini.

"Umesikia?" alisema.

"Nimesikia. Kesho mapema, basi."

Wakaifunika miche iliyobaki kwa majani ya mgomba. Upande wote wa juu wa chemchemi ulikuwa bado haujapandwa.