Siagi Katika Shiro ya Ijumaa

Kila asubuhi ya Mfungo Mkuu wa kabla ya Pasaka mambo yalikuwa yale yale. Mama alitoka alfajiri kwenda kazini kiwandani. Bibi aliketi karibu na jiko la makaa, blanketi mabegani, akisokota uzi wa pamba. Mimi niliwekewa bakuli la uji wa shayiri usio na tone la maziwa, nikaambiwa nile niende shule. Na kila asubuhi nilikasirika.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, jamani! Mtu wa miaka kumi na miwili anapewa uji kama mtoto mchanga, na nyumba nzima imefunga!

"Bibi, mimi nimeshakua," nilimwambia siku ya kwanza. "Nataka kufunga kama nyinyi. Nisile kitu mpaka saa tisa."

"Umekua wapi? Juzi tu umelia hospitali nzima kwa sababu ya sindano."

"Bibi!"

"Mwaka jana ulifunga Jumatano na Ijumaa peke yake," alisema bila kuinua macho kwenye uzi wake. "Mwaka huu unaacha nyama, maziwa, mayai na siagi siku zote hamsini na tano, lakini asubuhi unakula. Mwakani utangoja mpaka saa sita. Hiyo saa tisa itakufikia tu, wala haikimbii. Mama yako alianza hivyo, na mimi nilianza hivyo. Kula uji."

Bibi hakujua kilichokuwa kinanichoma. Kilikuwa na jina, nacho kiliitwa Rediet.

Rediet ni binti wa shangazi yangu. Tumezaliwa mwaka mmoja na tunasoma darasa moja. Mwaka jana, Ijumaa moja, alinikuta jikoni kwetu nimetia kidole kwenye kopo la siagi. Tangu siku hiyo hakuniita Wubalem tena. Aliniita Mlamba Siagi, mbele ya darasa, mbele ya kanisa, mbele ya muuza vitunguu. Isitoshe, yeye alikuwa na netela.

Katika ukoo wetu, mtoto akimaliza Mfungo Mkuu wake wa kwanza bila kuuvunja, Bibi humpa netela, ule mtandio mweupe mwepesi wa kuvaa kanisani, wenye ukingo wa rangi. Rediet alipata yake Pasaka iliyopita. Na ule uzi aliokuwa akisokota Bibi karibu na jiko ulikuwa wa netela yangu mimi.

Niliitaka netela ile mpaka nikawa naiota. Lakini sikutaka kuipata kama Rediet, aliyekuwa akinywa uji kila asubuhi. Nilitaka kufunga zaidi yake, ili nimzibe mdomo moja kwa moja.

Basi nikaanza uongo. Bibi akigeuka, nilimimina uji kwa kuku wa jirani kupitia dirisha la nyuma. Shayiri ya kukaanga aliyonitilia mfukoni nayo iliishia huko huko. Bibi aliuliza, "Umekula?" Mimi nikajibu, "Nimekula, Bibi, nimeshiba." Kuku wale walinenepa wakashindwa kukimbia. Mimi nikakonda.

Siku tatu za kwanza nilijiona shujaa. Baada ya hapo ilikuwa taabu tupu. Kichwa kiliuma kuanzia somo la pili. Hesabu nilizozijua vizuri zilinitoka, mwalimu akauliza saba mara nane nami nikabaki namtazama. Kila kitu kiliniudhi. Kalamu ikianguka, machozi. Mtu akicheka nyuma yangu, najua ananicheka mimi. Na Rediet hakukosa kupita na kuninong'oneza, "Vipi, Mlamba Siagi, hujaonja bado?"

"Toka hapa! Utaona Pasaka!"

"Tutaona wote," alisema, akaenda zake akiruka ruka. Tumbo lake lilikuwa na uji, angekosaje kuruka?

Sasa nikiri jambo la aibu. Kabla ya mfungo kuanza, Mama alikuwa ameyeyusha siagi ya Pasaka na viungo vyake, akaifunga kwenye kopo na kuiweka rafu ya juu kabisa. Siku ya kumi na nane, Alhamisi, njaa ilinizidi. Nilipanda kigoda, nikaliteremsha lile kopo, nikalifungua. Sikulamba! Nilinusa tu. Nilinusa mpaka kizunguzungu kikanishika, nikaogopa kupanda kigoda tena. Nikaliacha pale chini kando ya jiko, karibu na kopo la mafuta ya alizeti. Nilijiambia nitalirudisha baadaye. Sikulirudisha.

Kesho yake, Ijumaa, Bibi alikuwa na mafua makali. Nilipotoka shule aliniomba nipike shiro, mchuzi wetu mzito wa unga wa dengu, ili tule saa tisa ikifika. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana yake. Macho yaliona giza. Nikakata vitunguu, nikanyoosha mkono kwenye kopo, nikamimina, nikakoroga.

Looo, ile harufu! Sijawahi kunusa shiro yenye harufu nzuri vile. Nilifikiri ni njaa. Nilijisemea, kumbe mtu akifunga kikweli hata dengu hunukia kama karamu.

Tulikula kwa injera, mkate wetu mwembamba wenye uchachu, sahani moja, mimi na Bibi. Bibi alikula tonge baada ya tonge.

"We mtoto leo umepika," alisema akifuta pua. "Hata mafua yangu yameisikia hii."

Nilifurahi sana. Ndiyo furaha pekee niliyoipata mwezi ule, nayo haikudumu hata robo saa. Nilipochukua sufuria kwenda kuiosha uani, baridi ya Debre Berhan, mji wetu wa milimani, ilikuwa imeshaanza kazi yake. Pembeni mwa sufuria palikuwa na utando wa manjano, umeganda. Nikaukwaruza kwa ukucha. Mafuta ya alizeti hayagandi hivyo.

Nilirudi jikoni mbio. Kopo la mafuta lilikuwa limejaa mpaka juu. Kopo la siagi, iliyoyeyuka usiku kucha kwa joto la jiko, lilikuwa nusu.

Bibi yangu alikuwa amefunga tangu akiwa msichana. Miaka sitini! Alifunga akiwa na mimba, alifunga mwaka wa njaa, alifunga siku aliyomzika Babu. Hakuna aliyewahi kumvunjia mfungo wake, mpaka nilipotokea mimi.

Nilifanya nini? Nilisugua sufuria kwa jivu mpaka ikang'aa. Nikalirudisha kopo juu. Mama aliporudi hakuona kitu. Nikanyamaza Ijumaa yote, nikanyamaza na Jumamosi, na kila Bibi aliponiuliza kitu nilimjibu kwa ukali kana kwamba kosa ni lake.

Jumamosi alasiri Bibi aliniita uani nimsaidie kuanika nguo zake nyeupe. Alizifua kwa mikono yake, na mafua yale yale.

"Kesho nitashiriki meza ya Bwana," alisema. "Vuta huko upande wako, kitambaa kisikunjamane."

Nilishika pembe ya gauni lake, nikashindwa kuvuta. Aliyevunja mfungo haiendei meza ile kabla ya toba.

"Bibi, usishiriki kesho."

"Nini?"

"Shiro ya jana ilikuwa na siagi. Nilichanganya makopo. Nisamehe, Bibi!"

Alisimama vile vile, mikono juu ya kamba. Kisha akaketi taratibu juu ya beseni lililopinduliwa.

"Kopo la siagi lilikuwa juu. Nani alilishusha?"

"Mimi."

"Ukalamba?"

"Nilinusa tu. Naapa! Nilikuwa na njaa."

"Njaa ya nini, na asubuhi umekula uji?"

Hapo nilijua nimefika mwisho. Nikamwambia yote, ya dirisha, ya kuku, ya shayiri, siku zote kumi na tisa. Uso wa Bibi ulibadilika, na si kwa ajili ya siagi.

"Kila siku nilikuuliza umekula," alisema. "Kila siku! Nikakuamini. Nikakaa hapa nasokota uzi wako, wewe unanidanganya usoni."

Nikataka kumshika mkono. "Usinishike sasa hivi, Wubalem," alisema. "Nimekasirika. Acha nikasirike."

Jumapili Bibi alivaa nguo zake nyeupe, lakini hakushiriki. Baada ya ibada tulimwendea Aba Zewdu, kasisi anayesikiliza toba za nyumba yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akimpapasa paka wake.

"Bibi yako alikula bila kujua, hana kosa," alisema. "Wewe nitakupa adhabu."

Nikajiandaa kwa kusujudu mara mia, au kufunga mpaka jioni. Kwa kweli niliitamani adhabu kama hiyo.

"Kila asubuhi utakula uji wako mbele ya Bibi yako, mpaka bakuli libaki tupu. Mpaka Pasaka."

"Aba! Nile? Nyumba nzima imefunga, mimi nikae natafuna?"

"Unaona inavyouma?" alisema, akamrudia paka wake.

Sijapata kuudhika kama siku zile. Siku thelathini na nne nilimeza uji huku Bibi akinitazama, yeye hajala kitu. Lakini kichwa kiliacha kuuma, na saba mara nane ikarudi yenyewe kuwa hamsini na sita. Nyama sikula, maziwa wala mayai sikugusa, na siku moja nikagundua hata siyafikirii tena. Kilichoniuma ni kimoja tu, kwamba Bibi alikuwa ameacha kusokota.

Asubuhi ya Pasaka ukoo wote ulikusanyika kwetu. Mchuzi wa kuku ulikuwa katikati, mayai yakielea. Rediet, amevaa netela yake, akaniuliza kwa sauti ili shangazi na wajomba wote wasikie, "Haya, Mlamba Siagi, umemaliza siku hamsini na tano?"

Ningeweza kusema ndiyo. Bibi, Mama aliyeambiwa naye, na Aba Zewdu pekee ndio waliojua, na Bibi asingeniaibisha mbele ya watu.

"Sijamaliza," nilisema. "Siku ya kumi na tisa niliuvunja kwa siagi, nikamvunjia na Bibi wake. Na siku zote hizo nilidanganya kuhusu uji."

Rediet akaanza kukunja na kukunjua pindo la netela yake.

Bibi aliinuka, akaingia chumbani. Alirudi na kitambaa cheupe kilichokunjwa, akanitandikia mabegani. Ilikuwa netela, nyeupe tupu, isiyo na ukingo wa rangi. Kumbe aliumaliza uzi nikiwa shuleni.

"Wubalem, nisikilize, nanyi watoto wote," alisema. "Tumbo hufundishwa polepole, mwaka huu hiki na mwakani kile. Ukililazimisha kwa siku moja, linakuangusha wewe na walio karibu nawe. Hilo si kosa kubwa, litajifunza. Lakini mfungo wako hukuuvunja Ijumaa ile kwa siagi, mjukuu wangu. Uliuvunja asubuhi ya kwanza, uliponiambia umekula."

Akapapasa pindo la netela pale pasipo na ukingo.

"Ukingo nitaushona siku utakayoniambia umemaliza," alisema. "Na siku hiyo sitakuuliza mara mbili."

Kisha akatoa yai la kwanza kwenye mchuzi, akalitia kinywani mwangu kwa mkono wake mwenyewe.