Jumamosi Saa Nne, Sifnos

"Meli ya Jumamosi asubuhi ndiyo inayotufaa," alisema Argiris, kidole chake kikiwa juu ya ratiba. "Saa nne na nusu tumeshuka, saa tano na nusu tuko kijijini Kastro."

"Ya Ijumaa jioni," Polixeni alijibu bila kuinua macho.

"Ijumaa nafunga duka saa kumi na mbili."

"Basi lifunge saa nane. Watu watavaa miwani yao ya zamani siku moja zaidi."

Walikuwa jikoni kwa Polixeni, mjini Pirea, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Argiris, fundi wa miwani wa miaka hamsini na miwili aliyeachana na mkewe zamani, aliipanga safari hiyo ya siku tatu kama anavyopima macho ya mteja: polepole, bila kubahatisha. Nyumba ya watawa juu ya mwamba, wafinyanzi wa Vathi, dengu za Jumapili zilizopikwa katika chungu cha udongo. Ingekuwa safari yao ya kwanza pamoja. Polixeni, mjane anayeuza dawa mtaa wa pili, alikubali kila kitu, ila alishikilia mambo mawili: kisiwa kiwe Sifnos wala si kingine, na Jumamosi asubuhi aachiwe saa mbili zake mwenyewe. Alipoulizwa za nini, alisema za kununua vyungu.

Alipoinuka kwenda kuzima jiko, simu yake iliwaka mezani. Argiris hakukusudia kusoma, lakini ujumbe ulikuwa mfupi na maandishi yalikuwa makubwa.

"Jumamosi saa nne asubuhi. Divai ninayo. Njoo peke yako, midomo ya watu unaijua. Zannis."

Akaisogeza simu hadi mbele ya kiti cha mwenyewe.

"Huyu Zannis ndiye muuza vyungu?"

Polixeni alisoma, akaketi.

"Ni shemeji yangu. Ndugu yake Manthos."

Manthos alikuwa marehemu mumewe. Argiris alijua kwamba alikuwa baharia na kwamba alikufa kwa maradhi ya moyo. Hakujua kwamba kwao ni Sifnos, kwa maana habari za marehemu walikuwa hawazigusi.

"Na divai ya saa nne asubuhi?"

"Ya kuoshea mifupa." Sauti yake haikupanda. "Miaka mitatu imetimia tangu azikwe. Jumamosi wanamfukua."

Argiris hakuhitaji kuelezwa desturi hiyo. Yeye mwenyewe aliwahi kuiosha kwa divai mifupa ya baba yake na kuipanga katika kisanduku, ili kaburi lipewe mwingine. Kilichomuuma kilikuwa kingine.

"Mwezi mzima nachagua meli, nachagua hoteli. Kumbe tunakwenda kwa mumeo, na mimi nimechukuliwa kubeba mabegi."

"Ningekuambiaje, Argiris? Twende tukatalii mpenzi, ila baada ya chai nitapita mara moja kumwosha mume wangu?"

"Ndivyo ungeniambia. Hivyo hivyo."

"Ungekuja?"

Argiris aliinuka. Akatwaa koti lake. Alipofika mlangoni, Polixeni akasema neno ambalo alikuwa hajamwambia mtu.

"Naogopa akitoka hajaoza. Unajua wanavyosema kisiwani: maiti iliyokataliwa na udongo ina neno na aliye hai. Na mimi nina wewe."

Argiris aliteremka ngazi. Siku nne hakupiga simu. Polixeni akamwandikia: "Ghairi hoteli. Nitakwenda peke yangu."

Alhamisi, siku moja kabla ya safari, Argiris alisimama kwenye foleni ya duka la dawa kama mteja mwingine yeyote.

"Unaumwa nini?" aliuliza Polixeni zamu yake ilipofika.

"Nimebadilisha tiketi. Kesho, saa kumi na moja jioni."

"Nilikuambia ughairi."

"Hoteli nimeghairi. Tutalala kwa mama mmoja karibu na bandari, vyumba viwili, midomo ya watu isipate kazi. Makaburini siingii. Nitakaa nje ya ukuta."

"Ukae nje ya ukuta ukifanya nini?"

"Akitoka hajaoza, hutateremka kilima cha makaburi peke yako."

Polixeni alianza kupanga visanduku vya dawa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mwanangu," alisema bibi mmoja nyuma ya Argiris, "mkubalie, au nipe kwanza dawa yangu ya presha. Miguu nayo ina mwisho wake."

"Usichelewe bandarini," Polixeni akamwambia Argiris, akanyoosha mkono kupokea cheti cha bibi.

Jumamosi saa nne Argiris alikuwa ameketi juu ya jiwe, nje ya lango la makaburi. Aliisikia sauti ya padri, kisha sepeto, kisha hakusikia kitu kwa muda mrefu. Sepeto liliponyamaza ndipo alipoogopa.

Akatoka mtu mnene, suruali yake ina udongo hadi magotini. Alikuwa Zannis.

"Wewe ndiye wa miwani?"

"Ndimi."

"Sikutaka uje."

"Najua."

Zannis akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Ametoka safi. Mfupa rangi ya nta, kama inavyotakiwa. Ndugu yangu hana kinyongo na mtu, sasa mimi nitakishikilia cha nini? Ingia. Upepo ni mkali, na shuka la kuanikia mifupa linataka watu wawili."

Ndani, Polixeni alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mikono myekundu kwa divai hadi viwikoni. Alimwona akija, wala hakumwambia arudi.

"Manthos," alisema kwa sauti ya kawaida, akiliinamia beseni, "huyu ni Argiris."

Argiris hakujua mifupa husalimiwa vipi. Akavua kofia, akasema kwamba amefurahi kumfahamu, kama alivyofundishwa utotoni kumwambia mtu anayekutana naye mara ya kwanza. Kisha akashika pembe mbili za shuka, akalivuta hadi likanyooka.