Sabuni ya Mtihani

"Povu! Povu limepanda kwenye sinki langu mpaka limeingia kwenye supu! Wewe binti, unafua nini huko juu, mazulia ya kanisa?"

Bibi Stefania Hnatiuk alisimama chini ya ngazi, aproni kiunoni, mwiko mkononi. Juu yake, Rowena Malabanan alikuwa ameshika kitasa cha mlango, sweta lake la kijani limetapakaa unga mweupe kama la mwoka mikate.

"Sifui, Bibi. Nachonga."

"Unachonga nini?"

"Sabuni."

Milango mitatu ya jengo letu ilifunguka kidogo. Mwezi wa kumi Winnipeg baridi imeshaanza kuuma, watu hatuna pa kwenda; ugomvi wa ngazini ndio sinema yetu.

"Sabuni inaogewa, haichongwi! Mjukuu wangu anakuja kuzibua. Utamweleza yeye!"

Mjukuu alifika jioni ile ile. Orest, fundi bomba, mrefu wa kuinama mlangoni, koti la miraba myekundu na ndevu za siku tatu. Aliingiza mkono chini ya sinki la Rowena, akatoa donge jeupe la kutisha.

"Dada, humu ndani umezika mtu?"

Rowena alicheka, kisha akaona haya. Akamweleza. Anayetaka kuingia chuo cha udaktari wa meno hufanya mtihani wa baiolojia, kemia na mafumbo ya maumbo; halafu anapewa mche wa sabuni, kisu na rula, na dakika thelathini za kuchonga umbo lililochorwa kwenye karatasi. Amejaribu mara mbili. Kwingine kote alifaulu. Sabuni ndiyo iliyomwangusha. Miaka mitano amekuwa msaidizi wa daktari, kazi yake kushika bomba la kunyonya mate, na mama yake kule kwao Batangas, ng'ambo ya bahari, ameshawatangazia majirani kwamba binti atakuwa daktari.

"Nikianguka safari hii, basi. Sijaribu tena."

Orest alichukua kisu, akakigusa kwa kidole gumba. "Hiki hakikati hata siagi. Wewe huchongi, unaparura." Akatoa jiwe la kunolea kwenye mkoba wake, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Tazama. Kisu kinatulia. Sabuni ndiyo inageuka."

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi bomba fulani la jengo letu lilipata hitilafu.

"Bomba gani hili linaugua kwa ratiba?" Bibi Stefania alimuuliza.

"La zamani, Bibi."

Huko juu kulikuwa na vicheko.

"Fungua mdomo nione," Rowena alimwambia siku moja. "Unavuta sigara wewe."

"Nimeacha."

"Lini?"

"Uliponifungulia mlango."

Akamtupia kipande cha sabuni. Kikampata sikioni.

Siku za katikati Orest alipiga simu. "Daktari wangu, hujambo?"

"Daktari gani? Hata fomu imenishinda. Wanauliza kwa nini nataka kazi hii. Nimeandika napenda kusaidia watu."

"Hata mimi napenda kusaidia watu, tena chooni kwao. Sema ukweli."

Rowena aliweka kalamu chini. "Baba yangu hakuwahi kucheka bila kuziba mdomo. Hata picha ya harusi yake, mkono uko mdomoni. Amekufa sijawahi kuyaona meno yake."

"Andika hilo, mpenzi," Orest alisema. Wote wawili wakalisikia lile neno, na hakuna aliyelirudisha.

Alhamisi moja, mtihani ukikaribia, Orest alikuja amenyoa, na shati jeupe. Hakuingia.

"Bibi amepika vareniki, zile sambusa zake za kuchemsha. Shuka ule na sisi."

Tumbo la Rowena lilikuwa likinguruma tangu mchana. "Aa, asante," alisema, "nimeshiba."

Orest alitikisa kichwa polepole. "Haya. Mtihani mwema."

Akashuka. Rowena alibaki mlangoni, ndara mguuni, shali begani, akisubiri. Ngazi zilinyamaza. Chini, mlango ukafungwa.

Alhamisi iliyofuata mabomba yote yalikuwa mazima. Simu haikuita. Rowena alijiambia kijana alikuwa akimhurumia tu, na sasa huruma imekwisha. Orest naye alijiambia mwanamke akishasema hapana, mwanamume mwenye akili habishi hodi tena. Sisi majirani tulijua kila kitu ila la kufanya.

Mtihani ulikuwa Jumamosi ya kijivu. Ukumbi mzima zilisikika sauti za visu kama panya wanaotafuna. Kisu kinatulia, sabuni inageuka. Walipotoka, wengine walipokewa na baba zao waliowasha magari mapema yapate joto. Rowena alisimama kituoni peke yake, mikono bado myeupe, akalitafuta jina la Orest kwenye simu, akalitazama, akairudisha simu mfukoni.

"Umekula?" mama yake aliuliza jioni, kama kila jioni.

"Nimekula, Mama." Ilikuwa chai na biskuti.

Barua ilifika tarehe sita Januari. Sabuni: ishirini na saba juu ya thelathini. Aliisoma amesimama, kisha amekaa. Akapiga Batangas; huku jioni, kule kumekucha, mama ameshakwenda sokoni, simu ikaita mpaka ikachoka. Akatazama ukuta. Habari kubwa kama ile, na hapakuwa na sikio la kuiambia. Akachukua mfuko wa takataka usiojaa hata robo, akashuka.

Chini, mlango wa jengo ulikuwa wazi. Orest alikuwa amesimama kwenye baridi, shati lake la tarizi likichungulia ndani ya koti, macho juu.

"Umekuwa mnajimu?"

Alishtuka. "Mkesha wa Noele yetu, ya kalenda ya kale, Bibi hali mpaka nyota ya kwanza ionekane. Leo kuna mawingu. Tutakufa njaa."

Rowena akampa barua. Orest aliisoma, akaruka. "Ishirini na saba! Daktari wangu!" Kisha akakumbuka, akainamisha uso.

"Mbona hukuja tena?"

"Ulisema umeshiba."

"Orest! Nilikuwa na njaa ya kufa!"

"Sasa ulikataa nini?"

"Adabu! Kwetu mtu haitikii mara ya kwanza. Unakataa, unabembelezwa, mpaka mara ya tatu. Nilikuwa nimeshavaa ndara nasubiri ya pili!"

"Wiki nane umesimama na ndara?"

"Wiki nane nimekula biskuti," alisema.

Bibi Stefania alitokeza na mwiko. "Orest! Nyota, au nife? Ah, binti wa povu. Mezani kuna sahani ya ziada, kila mwaka naiweka kwa asiye na pa kwenda. Tangu mzee wangu afe hakuna aliyeigusa. Njoo ule."

"Asante, Bibi, nimeshi—" Mdomo ulitangulia wenyewe. Rowena akauziba kwa mkono, kama baba yake.

Orest akainua kidole. "Hiyo moja." Akampokea mfuko wa takataka. "Rowena, njoo ule."

"Nisiwasumbue," alijibu, machozi yakigombana na kicheko.

"Mbili."

"Mnahesabu nini nyinyi?" Bibi alifoka. "Supu ya bitiruti inapoa!"

Orest akausukuma mlango mpaka ukagusa ukuta. Joto likatoka, na harufu ya kitunguu saumu, na ngano iliyopikwa kwa asali. Akaushika ule mkono uliokuwa mdomoni, akaushusha taratibu.

"Rowena Malabanan," alisema, "karibu mezani, ule na sisi."